Unga wa Nguvu na Wazee wa Nyamarambe

Mmeniambia niandike. Siku ile ya kuniaga, baada ya kunipa blanketi kana kwamba nastaafu kwenda kulala, mkuu wenu wa sasa hapo maabara alisimama akasema eti Mzee Momanyi ana hazina kubwa kichwani, aiandike kabla haijapotea. Hazina gani? Kichwani mwangu kumejaa watu waliokunywa chai wakaniambia hawajala. Lakini niliahidi mbele ya watu, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka kwenye migomba nikiikagua kama wagonjwa. Kwa hiyo naandika.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa kwa kuchelewa, kama mtakavyopandishwa ninyi, na habari hiyo iishie hapo.

Siku yangu ya kwanza, maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika, darubini moja, na mashine ya kuzungusha damu iliyoendeshwa kwa mkono. Unazungusha mpaka bega linawaka, damu nzito inakaa chini, maji yake ya njano yanabaki juu. Hayo maji ndiyo seramu, na ndiyo tuliyopima. Tuliyanyonya kwa bomba la kioo, kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo, na mkikunja nyuso nitawatajia vingine tulivyonyonya. Mkuu wa maabara alikuwa Mama Kerubo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe wa jirani, na aliniweka kwenye kiti cha kutoa damu kabla sijavua koti la mvua.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyekuja kupimwa sukari. Nikamuuliza kwa adabu, "Mzee, umekula?" Akasema hajakula. Nikatoa damu, majibu yakatoka ya juu, nikajiona nimegundua ugonjwa siku ya kwanza ya kazi. Mama Kerubo akaenda kwenye benchi.

"Mzee, asubuhi umekunywa nini?"

"Chai tu."

"Ya maziwa?"

"Sasa chai gani haina maziwa?"

"Na nini?"

"Ndizi mbili. Na kiazi kimoja, kidogo."

Mzee hakudanganya. Kwetu Gusii, ambaye hajala ugali hajala. Chai ni ya kufungua macho, ndizi ni ya kudanganya tumbo. Mama Kerubo alinirudishia fomu akasema, "Usimuulize mtu kama amekula. Muulize mdomo wake umepitisha nini tangu jana jioni." Nimeuliza hivyo kwa miaka yote, na bado wamenishinda. Kuna mmoja aliniapia kwamba hajapitisha kitu, kumbe alikuwa na kipande cha muwa shavuni wakati huo huo.

Mama Kerubo ndiye aliyenifundisha pia kuandika jina kwenye chupa mbele ya mwenye damu, na kumfanya alitaje mwenyewe. Niliona ni kupoteza wakati, mpaka siku nilipoita "Nyaboke" wakasimama wanawake wanne kwenye benchi moja, wawili wakiwa wametoka nyumba moja. Siku hiyo nilimpa msichana wa shule majibu ya mimba ya shangazi yake. Baba yake alikuwa mlangoni. Sitaki kuongeza neno hapo.

Sasa niwaambie habari mnayoitaka, maana najua mnaitaka. Ni habari ya unga.

Miaka ya karibuni ulianza kuingia kwenye maduka ya Ogembo unga wa mikebe mikubwa yenye picha za wanaume wenye vifua kama magunia ya viazi. Asidi amino, waliandika. Kwa wale waliosinzia darasani, asidi amino ni vipande vinavyojenga protini. Maharagwe yanavyo, mayai yanavyo, dagaa wa omena wanavyo, na yale maziwa ya chai yanavyo. Lakini wauzaji hawakuuza maharagwe. Waliuza ahadi: ukinywa, homoni ya ukuaji inapanda, homoni ya kiume inapanda, mzee anarudi kuwa kijana. Watu wazima wenye afya tele, wanaopanda vilima na gunia la majani ya chai mgongoni, wakaanza kuja maabara kuniuliza kama homoni zao zinatosha. Nilikuwa nawauliza: zitoshe kufanya nini? Unalala vizuri, unakula, una watoto saba. Hawakupenda swali langu.

Ndipo akaja Daktari Bosibori. Alikuwa msichana wa hapa hapa, amesoma udaktari, na sasa alikuwa akitafuta shahada ya pili. Alikuwa amechoka kama mimi na mikebe ile, ila yeye uchovu wake ulikuwa na mpango. Alitaka kuwapa watu wenye afya unga ule kwa wiki sita na kupima homoni zao kabla na baada. Nusu wangepewa asidi amino, nusu wangepewa unga wa wanga usio na kazi, wenye rangi na ladha ile ile, kwenye pakiti zinazofanana. Wanywaji wasijue, sisi tusijue. Orodha ikae kwa msimamizi wake chuoni. Mwishoni makundi mawili yanalinganishwa. Alikuwa ameshaahirisha kuhitimu mara moja kwa sababu ya kumuuguza mama yake, na chuo kilimwambia wazi kwamba wanasubiri kazi hiyo mwaka huo. Aliniita tata, yaani baba kwa Kigusii, na alikuja kwangu kwa sababu alihitaji mtu wa kutoa damu asiyetetemeka mkono na asiyesema uongo.

Wenye afya tuliwapata kwenye kanisa moja la Wasabato huko juu ya Nyamarambe: wanaume ishirini na wanne, hawavuti, hawanywi pombe, wengine hata hawali nyama. Daktari aliwaona akatabasamu kama aliyeokota dhahabu. Mwenyekiti wao alikuwa Mwalimu Ondieki, aliyestaafu baada ya kufundisha darasa la nne maisha yake yote, mtu mrefu, mpole, ambaye akisimama kila mtu ananyoosha mgongo.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Daktari alitaka kompyuta ya chuo igawe watu makundi. Nikamwambia, "Daktari, watu wetu wakisikia kompyuta imechagua, watasema wewe ndiye uliyeichagulia, umependelea ukoo wenu. Waache waokote karatasi wenyewe, mbele ya macho yao." Akakubali, msimamizi wake akakubali. Nikavua kofia yangu, nikatia karatasi ishirini na nne za nambari, nikaipitisha kwenye viti.

Mwalimu Ondieki aliinua mkono. "Momanyi, kwa hiyo mtu atapata unga wa kweli au wa bure kulingana na karatasi aliyookota?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ni bahati tu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaokota yake, akaipitisha kofia kwa jirani. Kwetu mzee akiitikia kwa kichwa polepole namna hiyo hajakubali. Anakustahi kwa sababu umekuja kama mgeni. Mimi nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, na sikuliona. Nilikuwa nimependezwa mno na kofia yangu.

Kazi yenyewe ilinitoa jasho. Tulitoa damu Jumapili alfajiri, kwa sababu homoni ya kiume huwa juu asubuhi na huteremka kadiri siku inavyokwenda. Mtu awe hajapitisha kitu mdomoni, kwa sababu sukari huizima homoni ya ukuaji. Na awe ameketi nusu saa nzima, kwa sababu kazi nzito huipandisha. Jaribuni kumketisha mwanamume wa Kisii nusu saa, alfajiri, bila chai. Nyakundi, mchuma chai mwenye mikono kama mizizi, ambaye kwake kila mwenye sindano ni daktari, nilimwacha kwenye benchi, nikageuka kuandika chupa, nikasikia mtungi unatuliwa.

"Nyakundi, si nilikwambia upumzike?"

"Nilikuwa napumzika, daktari. Lakini si niliona huyo mama anahangaika na maji? Ilikuwa ni kilima kidogo tu."

"Kaa. Tunaanza nusu saa upya."

"Sasa nikikaa hivi, watu watasema mimi ni mgonjwa."

Nilimketisha mara tatu asubuhi ile. Nilitaka kumfunga na ile kamba ya mpira ya kufungia mkono wakati wa kutoa damu. Hata hivyo, fomu zao zilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kuona. Swali: umekunywa unga wako leo? Ndiyo. Jana? Ndiyo. Hakuna aliyeruka hata siku moja. Daktari alisema hajawahi kusoma popote habari za watu watiifu hivyo, nami nikajisifu kimoyomoyo kwamba ni watu wangu.

Ijumaa ya wiki ya tano niliwapelekea pakiti za wiki ya mwisho, nikaagana nao, nikafika barabarani kusubiri boda boda, nikakumbuka nimesahau sanduku la barafu. Nikarudi. Mlango wa chumba cha nyuma ya kanisa ulikuwa wazi. Ndani wanaume walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kikopo chake. Mezani kulikuwa na beseni kubwa la buluu. Nyakundi alikuwa anapasua pakiti kwa meno, moja baada ya nyingine, anazimwaga kwenye beseni, na Mwalimu Ondieki alikuwa anakoroga kwa mwiko wa ugali. Kisha akaanza kuwapimia kwa kijiko, akipangusa juu kwa kidole ili kusiwe na aliyezidishiwa.

Nilisimama pale mpaka waliponiona. Hawakushtuka. Mmoja alinisogezea kiti.

"Mwalimu," nikasema, "mnafanya nini?"

"Tunagawana."

"Mmegawana hivi tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Baada ya maombi."

Sijui niliongea kwa muda gani. Najua nilisema mambo ya miaka mingi ya masomo ya binti wa watu, nikasema ninyi ni watu wazima, nikasema pakiti zina nambari kwa sababu, nikasema mmeua kazi. Mwalimu alisubiri nimalize, kama alivyowasubiri watoto wa darasa la nne.

"Momanyi, ulituletea kofia. Ukasema ni bahati. Kanisa letu halichezi kamari, na huwezi kumpa ndugu mmoja chakula na mwingine chaki kwa sababu ya karatasi. Hatukutaka kukuaibisha mbele ya daktari. Kwa hiyo tuliokota kwa heshima yako, halafu tukarekebisha."

"Hata mitume walipiga kura kumpata wa kumrithi Yuda," nikasema, kwa hasira.

"Hiyo ilikuwa kabla Roho hajashuka," akajibu. "Na kwenye fomu hatukudanganya. Mliuliza kama tumekunywa. Tumekunywa."

Nyakundi akaongeza kwa upole, "Na hii unga haina utamu, daktari. Tumevumilia tu kwa ajili yenu."

Nikachukua sanduku langu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa natukana kofia. Mnaelewa kilichotokea? Watu ishirini na wanne walikuwa wamekunywa mchanganyiko mmoja kwa wiki tano. Hapakuwa na makundi mawili. Beseni haliwezi kutofautiana na lenyewe.

Hapa ndipo ningependa kuruka ukurasa, lakini sikuwaahidi kuandika ili nijipake mafuta. Sikumpigia simu Daktari. Nilijiambia nitampigia kesho, Sabato ikaja ikapita. Jumapili sikumpigia. Halafu nikaanza kupata akili, ile akili ya mtu mwenye makosa. Nikajiambia: unga huu hausaidii kitu, hilo kila mwenye akili anajua. Wangekunywa sawasawa, makundi yasingetofautiana. Wamechanganya, makundi hayatatofautiana. Jibu ni lile lile. Msichana anahitimu, wauza mikebe wanaaibika, Mwalimu Ondieki haitwi mshamba chuoni. Nani anaumia? Nilikuwa na jibu zuri hata nikashangaa kwa nini sili vizuri.

Jumapili ya mwisho nilipanda tena Nyamarambe na sindano zangu. Nikawaketisha. Nikawatoa damu wote ishirini na wanne, chupa kwa chupa, kila mmoja akitaja jina lake mwenyewe. Mwalimu Ondieki alinyoosha mkono, akidhani labda mimi na daktari tumeshaelewana. Seramu ikaenda Kisii mjini, kwenye mashine zinazopima homoni.

Baada ya majuma mawili hivi Daktari Bosibori aliingia maabara akiwa na karatasi mkononi na uso uliong'aa. Orodha ilikuwa imefunguliwa chuoni. Hakuna tofauti yoyote kati ya makundi. Homoni ya ukuaji, hakuna. Homoni ya kiume, hakuna.

"Tata, nitahitimu," akasema. "Na nitakwenda mwenyewe Ogembo, niwasomee wale watu wa mikebe mpaka waondoke. Msimamizi ameniuliza kama nina uhakika pakiti hazikuchanganywa. Nimemwambia ndiyo, nina uhakika, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa nao. Nimeandika hivyo."

Nilikuwa nimeshika bomba la kunyonyea seramu. Nikaliweka chini. Nikamwambia yote: kofia, beseni, mwiko, maneno ya Mwalimu. Nilisema haraka, kwa Kigusii, kwa sababu kwa Kiswahili ningepata mahali pa kujificha.

Hakulia. Aliketi kwenye kiti cha kutolea damu, karatasi magotini.

"Kofia tulikosea wote," akasema. "Ningemuuliza Mwalimu mwenyewe kabla. Hilo si lako peke yako." Kisha akanitazama. "Umejua tangu lini?"

"Ijumaa ya wiki ya tano."

Alihesabu kwa vidole, polepole, mpaka akafika. "Kwa hiyo ile damu ya mwisho. Ulipanda kule ukawachoma wote, na ulikuwa unajua haina kazi?"

Nilisema ndiyo. Nimetoa damu ya watoto wanaopiga mayowe, ya walevi, ya mahabusu waliofungwa pingu, na sijawahi kuona haya ya mkono wangu kama nilivyoona mbele ya msichana yule.

Aliondoka akaenda moja kwa moja Nyamarambe. Hakunialika, lakini nilihadithiwa na Nyakundi. Aliwaomba radhi wale wanaume kwa damu iliyotoka bure. Akawaeleza kwa nini pakiti haziwezi kuchanganywa. Mwalimu Ondieki akafikiri, akauliza, "Basi kwa nini kila mtu asinywe zote mbili, kwa zamu? Wiki kadhaa huu, tunapumzika, wiki kadhaa ule. Kila mtu analinganishwa na yeye mwenyewe, na hakuna aliyenyimwa." Daktari alipolipeleka wazo hilo chuoni, msimamizi alimwambia kwamba hiyo ni njia inayojulikana, inayoheshimiwa, na kwamba wangeanza nayo tangu mwanzo. Elimu yote hiyo ya mashine na vitabu, na jawabu lilikuwa limeketi mbele yetu kwenye kiti cha kanisa, tukalipitishia kofia.

Shahada ilisogea mwaka mzima. Mama yake hakufika kuiona. Sikiliza hilo vizuri, wewe unayesoma ukinywa soda kwenye meza ya vipimo: wazee walikosea kwa wiki tano kwa sababu ya haki, mimi nilinyamaza majuma matatu tu kwa sababu ya woga, na kati yetu ni mimi niliyejua kazi.

Daktari alipokuwa anajiandaa kuanza upya, safari hii upande wa Nyamira, alipita maabara kuchukua vifaa vyake. Nilikuwa nimebakiza miezi michache tu nistaafu. Nilikuwa nimevisafisha vyote, nimevipanga, nimebadilisha hata betri ya kipima joto cha sanduku la barafu. Nikamwambia niko huru kila Jumapili, nitakuja mwenyewe, sitaki kitu, na nitawaketisha hao watu hata kama ni kwa kuwakalia.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtoto anavyomshika mzazi. "Hapana, tata," akasema. "Nahitaji mtu ambaye sitalazimika kumuuliza mara mbili."

Nikamfungia sanduku kwa kamba, nikalibeba mpaka barabarani, nikamsimamishia boda boda.